Naomba ushauri: nataka kufanya mtihani wa RBT (wasaidizi wa tiba ya tabia), nipo Tanga

Mwanamakorora

Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Mimi ni binti, naishi Tanga mjini, nina diploma ya maendeleo ya jamii ambayo mpaka leo imeniajiri kwenye duka la shangazi. Asubuhi huwa nipo kwenye kituo kidogo cha watoto wenye usonji. Mwenye kituo ni mama aliyeishi Kanada miaka mingi, na ndiye aliyetufundisha kazi kwa njia ya ABA (Applied Behavior Analysis, yaani uchambuzi wa tabia): kuvunja jambo vipande vidogo, kumsifu mtoto papo hapo anapopatia, kuandika kila kitu kwenye karatasi. Kusema ukweli nimeipenda kuliko kitu chochote nilichosomea.

Sasa nataka cheti. Nimeona mtandaoni kozi ya saa 40 ya kujiandaa na mtihani wa RBT, wanasema ofa inaisha Ijumaa. Maswali yangu:

Nilipie? Mtihani wenyewe ukoje? Na nisome vipi wakati muda wangu ni usiku tu baada ya kufunga duka? Vitu viwili vinanipiga chenga sana: aina za upimaji (ni nyingi na zinafanana), na huo "uimarishaji hasi" ambao kila nikisoma naona ni adhabu tu.

Natanguliza shukrani.

Kibuyu Kitupu

Hahaha kumbe kuna mtihani wa tabia? Nipeni fomu nimpelekee shemeji yangu.

Ticha wa Milimani

Kibuyu, kalale. Dada kauliza jambo la maana.

Nahodha_Raskazone

Mwanamakorora, USILIPE. Soma kwanza hapa.

RBT inatolewa na bodi ya Marekani inayoitwa BACB. Tangu tarehe 1 Januari 2023 bodi hiyo haipokei maombi mapya kutoka nchi nyingi za nje. Wamebakiza nchi chache tu, na Tanzania haimo. Wanaangalia unaishi wapi, hawaangalii uraia. Kwa hiyo unaweza kumaliza hizo saa 40, ukapata na cheti kizuri cha kozi chenye muhuri wa dhahabu, halafu maombi ya mtihani yakagonga mwamba. Wauza kozi wengi hawakwambii hilo, maana kozi ni ya kwao na mtihani si wa kwao.

Usikate tamaa lakini. Kuna bodi nyingine mbili ambazo watu wa nchi zetu wanazitumia. Moja ni QABA, cheti chao cha ngazi yako kinaitwa ABAT. Nyingine ni IBAO, cha kwao kinaitwa IBT. Mimi nina ABAT, nipo Dar kwa sasa ila kwetu ni Tanga. Hawa wanataka saa 40 za mafunzo na saa za vitendo chini ya msimamizi anayekubalika kwao. Hapo kwenye msimamizi ndipo watu wengi wanapokwama. Kwa hiyo mtafute msimamizi kwanza, kozi baadaye, tena kozi iwe ile ambayo bodi husika inaitambua. Ofa ya Ijumaa iache iende zake.

Mwanamakorora

Duh. Nahodha, Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya hela. Sasa nilichosoma mpaka sasa kuhusu RBT kimepotea bure?

Nahodha_Raskazone

Hapana, hakijapotea. Maudhui ni yale yale kwa sehemu kubwa: kupima tabia, kusaidia kwenye tathmini, kufundisha stadi mpya, kupunguza tabia zenye madhara, kuandika taarifa, na maadili ya kazi. Mtihani wa RBT una maswali 85 ya kuchagua jibu, kumi kati ya hayo hayahesabiwi (ila hujui ni yapi), kwa dakika 90. Tumia hilo kama kipimo cha kasi: dakika moja na kidogo kwa swali. Kama swali linakuchukua dakika tatu, hujalielewa, rudi kwenye mada.

Nikupe na angalizo. Kuna watu wanauza "maswali yaliyotoka". Achana nao. Kwanza unaweza kufutiwa matokeo, pili mtihani huu si wa kukariri, unakuletea kisa na kukuuliza ungefanya nini.

Ticha wa Milimani

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilipita chuo cha ualimu cha Patandi, sina cheti cha ABA ila upimaji naufanya kila siku. Ngoja nikusaidie hapo.

Acha kusoma majina. Chukua mtoto mmoja wa kituoni kwenu unayemjua vizuri na umpime kwa njia zote. Mimi kuna kijana wangu, nikimwambia "kaa chini" anazunguka darasa kwanza. Nikihesabu mara ngapi amesimama kwenye kipindi, hiyo ni idadi. Nikigawa kwa muda wa kipindi napata kasi, mfano mara sita kwa saa. Nikiwasha saa tangu anaposimama hadi anapokaa, napima tabia inadumu kwa muda gani. Nikiwasha saa tangu nilipomaliza kusema "kaa" hadi anapoanza kukaa, hicho ni kitu kingine kabisa: napima anachelewa kiasi gani kuitikia. Na nikipima tangu alipokaa hadi anaposimama tena, napata nafasi kati ya tukio na tukio. Mtoto ni yule yule, saa ni ile ile. Ninachobadilisha ni wapi nabonyeza kuanza na wapi nabonyeza kusimamisha. Kwenye swali la mtihani tafuta hizo sehemu mbili tu.

Sasa kuna wakati huwezi kukodoa macho muda wote, una watoto wengine. Hapo unagawa kipindi vipande, tuseme sekunde 30 kila kipande. Ukiweka alama kama tabia imetokea hata mara moja ndani ya kipande, hesabu yako itaonekana kubwa kuliko hali halisi. Ukiweka alama pale tu tabia ilipodumu kipande kizima, itaonekana ndogo kuliko hali halisi. Njia ya tatu ni kuinua macho mwisho wa kipande na kuandika unachokiona sekunde hiyo tu. Hii ndiyo mkombozi wa sisi wenye darasa la watoto arobaini.

Wanapenda sana kuuliza ipi inazidisha na ipi inapunguza. Weka kichwani.

Mwanamakorora

Ticha nimeelewa kuliko video zote nilizoangalia. Kesho najaribu. Na uimarishaji hasi?

Ticha wa Milimani

Jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu. La kwanza: tabia hiyo baadaye imeongezeka au imepungua? Ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi. La pili: kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Kikiongezwa ni chanya, kikiondolewa ni hasi.

Mtoto hapendi dagaa. Akiwekewa anasukuma sahani, bibi anaona huruma anaiondoa. Siku inayofuata anasukuma mapema zaidi. Tabia ya kusukuma imeongezeka, na kilichotokea ni kitu kuondolewa. Huo ndio uimarishaji hasi. Hakuna aliyeadhibiwa hapo, labda bibi. Neno "hasi" lichukulie kama alama ya kutoa kwenye hesabu, basi.

Nahodha_Raskazone

Ticha umemaliza. Niongezee: kwenye kisa hicho usikimbilie jibu la "mpuuze tu". Mtihani utakuuliza mfundishe nini badala yake. Mfano kumfundisha kusema au kuonyesha ishara ya "sitaki", na akiitumia sahani inaondolewa pale pale. Hapo umeimarisha tabia mbadala, wenyewe wanaita DRA. Na ujue ukiacha kuipa tabia ya zamani kile ilichokuwa inakipata, inaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Wazazi wakiona imepanda wanasema "mmemharibu mtoto". Wewe unaandika takwimu na kumjulisha msimamizi. Hubadilishi mpango mwenyewe.

Hili la mwisho limebeba maswali mengi kuliko unavyodhani. Msaidizi hatungi mpango na habadilishi mpango. Jibu lolote linalosema "badilisha" bila msimamizi, kata.

MamaYusra

Samahani kuingilia, mimi si mtaalamu, ni mzazi hapa hapa Tanga. Binti yangu ana usonji, ana miaka minane.

Nina ombi kwa nyie mnaosoma. Kuna mahali nilimpeleka, sitapataja, walikuwa wanamshika mikono kila akiipunga. Yusra akifurahi anapunga mikono. Akiona bahari anapunga. Walisema ni "tabia ya kuondoa". Alianza kulia tukifika getini. Nikamtoa. Sasa nasikia ABA, ABA, na naogopa. Huo mtihani wenu unawafundisha kuuliza kama mtoto anaumia?

Nahodha_Raskazone

Mama, pole sana, na hujaingilia.

Unachosema si wewe peke yako. Watu wazima wenye usonji huko Ulaya na Marekani wamelisema hili kwa sauti kubwa, hasa kuhusu ABA ya zamani iliyotaka mtoto afanane na wenzake na atii kila agizo. Fani imebadilika, si kila mahali. Tabia inayofaa kupunguzwa ni ile inayomuumiza yeye au wengine, au inayomzuia kujifunza na kuishi. Kupunga mikono kwa furaha hakumo. Na mtoto akikataa kwa kulia au kugeuka, siku hizi tunafundishwa kusimama na kuangalia kwa nini, hata kama hajui kusema "hapana". Wewe kama mzazi una haki ya kuona mpango kwa maandishi na kuuliza kila lengo limewekwa kwa faida ya nani. Wakikataa kukuonyesha, ondoka kama ulivyoondoka.

Mwanamakorora

MamaYusra asante kwa kusema. Kwetu kuna mtoto anazungusha kifuniko cha chupa sakafuni akipumzika, mwenye kituo alitukataza kabisa kumnyang'anya. Sikuwa nimeelewa sababu mpaka leo.

Kibuyu Kitupu

Mimi niliyeanza na utani nimenyamaza nasoma. Swali la kweli: mtoto wa dada yangu hasemi, yuko Pongwe, aanzie wapi?

Ticha wa Milimani

Kibuyu, aanzie hospitali ya mkoa, Bombo, apimwe masikio kwanza na aonwe na daktari wa watoto. Kuna watoto wanaitwa wana usonji kumbe hawasikii. Fungua uzi wako tuongee zaidi, tusimharibie dada huyu.

Pweza Mkavu

Mimi nafanya kazi hii Bagamoyo, nilipata IBT. Sijaona aliyegusia maadili na ndiyo yaliyonitoa jasho, kwa sababu mtihani umeandikwa kana kwamba hujuani na mtu. Sisi huku mzazi ni jirani, ni binamu ya mumeo, ni anayekuuzia samaki.

Mfano zawadi. Kanuni za maadili za RBT zinasema usipokee wala usitoe zawadi ya zaidi ya dola 10 au thamani inayolingana na hiyo. Sasa sikukuu ya Idi mzazi analeta sinia la biriani na kitambaa cha gauni. Sahani ya biriani unakula na kushukuru, kitambaa unarudisha kwa adabu na unamjulisha msimamizi. Mimi nilifanya ujanja: nilimwomba mwenye kituo awaeleze wazazi wote siku ya kwanza wanapoandikisha mtoto, ili nisionekane nina maringo.

Siri ndiyo ngumu zaidi. Upo kwenye daladala, mama mmoja anakuuliza mbele za watu "yule mtoto wa Mwanahamisi ameanza kuongea?" Hata kusema "ndiyo, anaendelea vizuri" umeshatoa siri, maana umethibitisha yupo kwenu. Mimi hujibu "muulize mwenyewe mama yake, atafurahi kukuona." Na picha za watoto kwenye stetasi ya WhatsApp, hata ukiziba sura, hapana.

Mwanamakorora

Hiyo ya stetasi nitaipeleka kituoni kesho, watu wanaweka kila siku.

Sasa nimepanga hivi, nirekebisheni. Mwenye kituo nitamuuliza kama cheti chake cha Kanada bado kiko hai na kama QABA au IBAO wanamkubali kuwa msimamizi. Kama hapana, natafuta msimamizi kwa njia ya video. Usiku nasoma mada moja, asubuhi naijaribu na watoto. Kozi nalipia mwisho. Sawa?

Nahodha_Raskazone

Sawa. Ila usingoje msimamizi wa video akukubali kwa mdomo tu. Muombe kwa maandishi: atakuona ukifanya kazi mara ngapi kwa mwezi, kwa bei gani, na nani atasaini fomu. RBT kwa mfano wanataka usimamizi wa angalau asilimia 5 ya saa zako za kila mwezi, hata baada ya kufaulu. Kwa hiyo ni gharama inayoendelea, mwenye kituo ajue mapema asije akaona mmemgeuka. Na wazazi wakubali kwa maandishi kabla kamera haijawashwa.

Pweza Mkavu

Na siku ya mtihani: hizi bodi mbili mtihani unafanyia kwenye kompyuta yako huku msimamizi wa mtihani anakuangalia kwa kamera. Chumba kitupu, mezani pasiwe na kitu, mtu asiingie. Usifanyie nyumbani kama kuna wadogo zako. Tafuta ofisi yenye jenereta na intaneti ya waya, ijaribu siku moja kabla kwa saa ile ile utakayofanya mtihani, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi si wa saa moja usiku.

Jambo la mwisho, jina. Andika kwenye maombi jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha, herufi kwa herufi. Kama NIDA ina majina matatu na pasi ina mawili, amua sasa hivi utatumia kipi.

Mwanamakorora

NIDA wamenikosea herufi moja. Naanzia hapo kesho asubuhi.