Kata za ng'ambo ya mto Pangani: diwani anaweza kugawa ardhi ya ufukweni?

mjukuu_wa_minazi:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada kwa wanaoijua Pangani hasa ile ng'ambo, ukishavuka pantoni, Bweni, Mwera, Ushongo hadi huko Kipumbwi na Mkwaja. Marehemu babu aliacha shamba la minazi upande huo, sisi wajukuu tumekulia mjini hata mpaka unaanzia wapi hatujui vizuri. Sasa kuna jamaa anatuuzia kipande kilichopakana na shamba letu, kinagusa ufukwe kabisa, anasema tusiwe na hofu diwani ameshaandika barua na kata imebariki. Tukimpigia mwenyekiti wa kijiji anasema hana habari na hilo jambo. Sasa mwenye ardhi ni kata au kijiji? Na pia mbona wazee wa kule ukiwauliza habari ya ardhi wanaanza kukusimulia mkonge, mkonge, mpaka simu inaisha salio?

Mtendaji Mstaafu:
Mjukuu, usitoe hata shilingi. Kata haina ardhi. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe 15 hadi 25, na hao nao hawagawi kitu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, yaani wakazi wote kuanzia miaka 18. Diwani ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, KAMAKA tulivyozoea kuiita, mtendaji wa kata ndo katibu wake, wanakaa na wenyeviti wa vijiji wanazungumza habari za madarasa, zahanati, visima, halafu diwani anayapeleka kwenye baraza la madiwani wilayani. Kazi kubwa hiyo lakini kugawa viwanja haimo. Na wengi wanadhani diwani ni bosi wa mwenyekiti wa kijiji, sio kweli, mwenyekiti ana kura zake mwenyewe kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa kama ule wa Novemba 2024, diwani anapigiwa siku moja na rais na mbunge.

Ila kuna kitu kimoja uangalie, kama eneo hilo limeshatangazwa kuwa la mipango miji basi limetoka mikononi mwa kijiji, hapo uende ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya ukaulize kabla ya kuongea na mtu yeyote anayeuza.

ng'ambo_ya_mto:
Mimi nijibu hilo la mkonge maana wazee hawakuzungushi, ndo jibu lenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, mingi ikafia njiani, iliyobaki 62 ikapandwa Kikogwe, hapohapo ng'ambo ya mto. Mkonge wote wa Tanganyika mnaousikia ulianzia kwenye hiyo miche. Na jiulize Mjerumani alipata wapi ardhi, maana miaka mitano tu nyuma, Agosti 1888, kampuni yao ilipokuja kupandisha bendera Pangani watu waliwakatalia, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, pwani nzima ikawaka. Abushiri wakamnyonga Pangani Desemba 1889. Yule Zelewski, mtu wa kampuni ya Wajerumani aliyeleta ubabe siku zile za bendera, watu walimuita Nyundo, Wahehe walimmalizia Lugalo kule Iringa 1891 (hii siachagi kuitaja).

Baada ya hapo mashamba makubwa yakachukua ardhi nzuri, wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, ndo maana ukienda Mwera utakuta kabila za bara nyingi tu ambazo babu zao walikuja kukata mkonge. 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, bei ya mkonge ikaanguka kamba za nailoni zilipokuja, na sehemu nyingi mkonge ukageuka pori lakini hati ikabaki hati. Shuka kusini zaidi Mkwaja, kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, mbung'o waliwasumbua sana, ikafungwa 2000, eneo halikurudi kwa vijiji, likaingia kwenye hifadhi ya Saadani iliyotangazwa hifadhi ya taifa 2005. Kwahiyo chora ramani kichwani, mashariki bahari, kaskazini mto, kusini hifadhi, magharibi mashamba yenye hati za watu. Kijiji kimebaki na kamba nyembamba ya ardhi pwani na hiyo ndo kila mtu anaitolea macho sasa hivi kwa sababu ya barabara ya Tanga hadi Bagamoyo na lile daraja la mto Pangani la mita 525.

bibi_kasa:
Mnasahau bahari yenyewe. Mwanangu, hata kijiji kikikupa kwa mikono miwili, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hicho kipande "kinachogusa ufukwe kabisa" pima kwanza uone baada ya mita 60 kinabaki nini. Na kama kuna mikoko usiguse, mikoko ni msitu wa hifadhi, mwenye kibali ni wakala wa misitu sio mwenyekiti. Halafu nenda kaangalie Maziwe, kile kisiwa mbele ya Ushongo, kilikuwa na miti na kasa walikuwa wanapanda kutaga mayai, miti ilipokwisha mawimbi yakakila, siku hizi ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, hakikuokoka. Pwani ile inaliwa, na mto wenyewe umepungua nguvu, maji yamezuiwa huko juu kuanzia bwawa la Nyumba ya Mungu, maji chumvi yanapanda mtoni.

Nahodha77:
Mtendaji Mstaafu umeongea ya kwenye vitabu mkuu. Kijijini bila diwani hakuna kinachotembea, yeye ndo anaongea na mkurugenzi, yeye ndo anajua mwekezaji gani anakuja, mkutano mkuu wenyewe mara nyingine hauitishwi hata mwaka unaisha. Na sisi wavuvi tunajua, diko, pale tunapoegesha mashua, lilipo leo kesho unakuta ukuta wa hoteli, njia ya kupeleka mashua pwani imezibwa, ukiuliza unaambiwa "ilipitishwa". Ilipitishwa na nani? Tulipeleka malalamiko kwenye ofisi moja tukazungushwa mpaka tukachoka.

Mtendaji Mstaafu:
Nahodha sikatai, ushawishi anao. Lakini ushawishi sio muhtasari. Siku ya kesi wataomba muhtasari wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu, tarehe, mahudhurio, sahihi. Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu, usipoitishwa hilo ni kosa la viongozi wa kijiji, halimfanyi diwani kuwa mgawaji. Na nyie mnatakiwa muidai njia ya kwenda diko iingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ikichorwa mle ni ngumu mtu kuiziba kimyakimya.

mjukuu_wa_minazi:
Asanteni sana wakuu, bibi_kasa umenitisha na hizo mita 60, maana kwa maelezo ya jamaa kipande chote hakizidi hapo. Swali la mwisho, shamba la babu halina karatasi yoyote, tukipishana na huyu muuzaji kwenye mpaka tunaenda baraza la kata?

Mtendaji Mstaafu:
Ndiyo, anzeni hapo, lakini mjue tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Ikishindikana mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kabla ya yote hayo tafuteni majirani wazee wanaoijua minazi ya babu, muende nao kwa mtendaji wa kijiji mkaombe hati ya kimila, ile hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Msisubiri, wanaojua mpaka wenyewe ni watu wazima.