Viungo bandia Moshi au maabara Dar? Natakiwa kuthibitisha wiki hii

BintiKibaigwa:

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita PCB, nina division one ya pointi 8: Baiolojia B, Kemia na Fizikia C. Tangu kidato cha tano nilikuwa najiita daktari. Nimeomba, sikupata. Nimechaguliwa sehemu mbili: shahada ya maabara Muhimbili, na shahada ya viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka nithibitishe chuo kimoja na siku zinakwisha.

Maabara naielewa, hata zahanati ya hapa kwetu ipo. Hiyo ya Moshi, niseme ukweli, niliijaza kwa sababu nafasi moja ilibaki kwenye maombi. Baba mdogo ndiye anayenisomesha, ana biashara ya mahindi. Nilipomwambia alicheka, akasema, "Miaka minne yote hiyo ukajifunze kushona viatu?" Mama hajasema kitu, na mama akinyamaza ujue ana wasiwasi.

Naomba mnisaidie. Watu wa viungo bandia wanafanya nini hasa siku nzima? Kazi zipo? Na nikiisoma, naweza kuitumia kurudi kwenye udaktari?

FundiMguu:

Marahaba mdogo wangu. Nilisoma hapo hapo. Idara utakayoingia inaitwa TATCOT, ipo eneo la KCMC tangu 1981, Wajerumani walisaidia kuianzisha. Inachukua wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Darasa langu lilikuwa na Waganda na Mzambia, kwa hiyo Kiingereza hukikimbii hata jikoni.

Baba mdogo hajakosea sana. Viatu utashona. Ila ngoja nikueleze mguu kwanza.

Anakuja kijana wa bodaboda, amekatwa chini ya goti, kidonda kimepona. Unamkagua, unapima, halafu unamfunga kisiki, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki, kwa bandeji ya plasta. Ikikauka unaivua, unapata kama kikombe chenye umbo la kisiki chake. Unamimina plasta ya unga ndani, inakuwa mguu wa jiwe. Hapo ndipo shule ilipo. Kuna sehemu ya kisiki inayovumilia kubebeshwa uzito, kama ule mshipa mgumu (kano) chini ya pia ya goti, na kuna sehemu haivumilii kabisa, kama ncha ya mfupa na kile kinundu cha pembeni. Kwenye inayovumilia unachonga plasta, unapunguza. Kwenye isiyovumilia unaongeza. Milimita chache tu. Halafu karatasi nene ya plastiki inaingia kwenye oveni hadi iwe laini kama chapati mbichi, unaivika juu ya lile jiwe, mashine inanyonya hewa, plastiki inashika umbo. Hicho ndicho kikombe atakachovaa kwenye kisiki. Unakata, unapiga msasa, unaunga bomba na wayo, kijana anasimama kati ya vyuma viwili na wewe unakaa chini sakafuni ukimwangalia anavyotembea. Ukiona bega linashuka kila hatua, unarudi na spana.

Mgonjwa wangu wa kwanza nilimsahaulia kile kinundu. Sikuongeza plasta ya kutosha. Aliondoka anacheka, baada ya wiki akarudi, akavua mguu mlangoni, akanionyesha kidonda. Hakusema neno. Mwalimu naye hakunifokea, alinisogezea mfuko wa plasta akaenda kunywa chai. Anatomia ya ile sehemu siwezi kuisahau tena hata nikizeeka.

Sasa viatu. Kuna watoto wanaozaliwa na nyayo zimepinda kwenda ndani. Wengi hawahitaji upasuaji mkubwa. Kuna njia ya Ponseti: mtoto anafungwa plasta mpya kila wiki, mara nyingi wiki tano au sita, wayo ukinyooshwa kidogo kidogo. Wengi wao wanakatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo. Baada ya hapo ni viatu viwili vilivyoungwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na usingizi wa mchana mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Mama akichoka na kilio akavivua, wayo unarudi ulikotoka. Kwa hiyo ukishona hicho kiatu vibaya, kikambana mtoto, kitavuliwa tu. Mwambie baba mdogo ndiyo hivyo viatu.

Kazi. Hapa sikupaki mafuta. Nilikaa nyumbani miezi 14 baada ya kuhitimu. Hospitali ya kwanza iliyoniajiri (sitaitaja jina) ilinipa chumba kizuri chenye kiyoyozi, bila oveni. Nikawa nagawa magongo na kola za shingo mwaka mzima. Mabosi wengi hawajui tunafanya nini, na wewe ndiye utakayewaeleza, kila akija mpya. Wahitaji hawajawahi kuwa wachache: bodaboda na kisukari vinatuletea watu kila wiki.

Udaktari: mwenye shahada anaweza kuomba, lakini anaanza mwaka wa kwanza. Kama unakuja Moshi kusubiria basi la udaktari, bora upumzike nyumbani uombe tena mwakani. Kwetu walikuwepo wawili wa hivyo. Karakana iliwashinda kabla ya likizo, maana mikono yao ilikuwa hapa na mawazo yao yalikuwa kwingine.

ZambarauHaigandi:

Mimi ni maabara, mwaka wa sita kazini. Dada, usidhani maabara ni kuchungulia malaria tu. Jana usiku wodi imeniletea damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile yenye dawa ya kuzuia damu isigande, na imeganda. Ningeipitisha kwenye mashine, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zingeonekana zimeshuka na mtoto wa watu angeongezewa damu bure. Nikaikataa, nikapiga simu, nikatukanwa. Nikaletewa nyingine, majibu safi. Mgonjwa mwenyewe sikumwona na sitamwona. Mimi napenda hivyo, sina moyo wa kuangalia mtu analia. Wewe unajijua?

MzeeWaStendi:

Sijasoma chuo, ila mguu wa kushoto ni wa plastiki tangu 2019. Fundi amesahau soksi za kuvalisha kisiki. Miezi ya mwanzo kisiki kinapungua, mguu unaanza kucheza, unaongeza soksi moja, mbili, mpaka ufike wakati wa kutengenezewa kikombe kipya. Asubuhi unaanza na moja, jioni zinafika tatu. Nilifundishwa na binti mdogo tu, wa umri wako, na alinirudisha nyuma mara nne sakafuni nilipoona nimeshapona. Namba yake ninayo, huwa namtumia salamu Idi. Daktari aliyenikata sura simkumbuki, Mungu anisamehe.

FundiMguu:

Hahaha mzee umenikamata. Soksi ni kweli.

BintiKibaigwa:

Asanteni sana. Jana usiku nimemsomea baba mdogo yote haya kwenye simu. Kwenye oveni na chapati alicheka. Kwenye viatu vya watoto alikaa kimya, halafu akauliza swali moja, la kibiashara kama kawaida yake: "Huyo kijana wa bodaboda, huo mguu analipa nani?" Sikuwa na jibu.

Kuhusu kujijua, kaka wa maabara, nadhani mimi naweza kumwangalia mtu akilia. Nimemuuguza bibi.

FundiMguu:

Ameuliza swali zuri kuliko yote ya humu. Wengine wanalipa wenyewe kwa kuuza mbuzi, wengine wanachangiwa na kanisa au msikiti, wengine wanapata mfadhili, na wengine wanachukua vipimo hawarudi. Nina majiwe ya plasta ya watu watatu kwenye rafu, nimeshindwa kuyatupa.

Ukithibitisha Moshi, beba sweta, Juni na Julai kuna baridi. Aproni ya karakana usinunue mpya, nenda soko la Memorial ukatafute ya mtumba, nzito, yenye mifuko miwili mikubwa.