Naomba ushauri: watoto wanataka chai na maandazi usiku badala ya ugali
Habari zenu wapendwa, niko Moshi, Majengo. Baba mkwe ameshuka kutoka Kibosho kuja kukaa na sisi, sasa yeye usiku ugali hagusi kabisa, anataka vya asubuhi, chai ya maziwa iliyokolea majani na maandazi, akibadilisha sana ni mtori. Mtori sina shida nao hata saa mbili usiku, una ndizi na nyama humo humo na umepondwa laini, mzee meno hana. Shida ni watoto, wakiona babu anachovya andazi nao wanasukuma sahani ya ugali na mnafu wanalilia chai, halafu saa tano macho makavu na kesho shule. Na chai ikinywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma mwili unayopata, kwa mtoto hilo si dogo jamani. Nimewaza niwape uji wa ulezi wenye karanga na yai la kuchemsha, je inatosha kama mlo wa usiku? Na baba nimwambieje bila kumkwaza, au nimwachie mume wangu aongee naye?