Uliwahi kubadili msimamo wako kuhusu Mungu? Tupeane uzoefu

Mzamiaji: Wakuu, salaam. Februari 2014 kule Kentucky, Marekani, Ken Ham, anayefundisha kwamba dunia iliumbwa kama kilivyoandika kitabu cha Mwanzo, alipanda jukwaani kubishana na Bill Nye, mtangazaji wa vipindi vya sayansi. Mtazamaji mmoja akawauliza: nini kitakufanya ubadili mawazo? Nye akasema ushahidi. Ham akasema yeye ni Mkristo, na hakuna atakayemshawishi kwamba neno la Mungu si kweli. Wengi walimcheka Ham. Mimi nilimheshimu, maana wengi wetu tunajibu kama Nye halafu tunaishi kama Ham, na wasioamini wamo.

Uzi huu si wa kubishana kama Mungu yupo. Hizo zipo tele na zote huishia kwenye matusi. Leta kisa chako tu: ulihama, ulirudi, au ulitikisika ukabaki? Na nini kilikusogeza?

Mwana_Tanga: Mimi nimekulia kwenye mihadhara. Alasiri uwanjani, spika mbili, mhadhiri wetu anafungua Biblia aya kwa aya, na mchungaji naye kaja na tafsiri ya Qur'ani. Utotoni tulikuwa tunawahi nafasi za mbele kama mpira. Upande huu takbira, upande ule haleluya, na magharibi ikiingia kila mtu anarudi kwao na dini aliyokuja nayo. Watu ninaowajua waliosilimu au kuokoka kweli, hakuna aliyeshindwa hoja uwanjani. Mmoja ni ndoa, mwingine alikaa jela, mwingine aliuguliwa na waliomuuguzia walikuwa wa dini nyingine.

Bado ni Mwislamu, alhamdulillah. Ila nilikuwa naamini mtu asiye na dini huwezi kumwachia pesa. Kisha nikaajiriwa dukani kwa mzee mmoja asiyeswali popote, hata Idi hajui inaangukia lini, na mizani yake haikuwahi kumpunja mteja. Nimebadilika hapo tu, na kwangu si padogo.

Kichwa_Ngumu: Siamini Mungu na sibadiliki. Kesho Kilimanjaro ikihamia Dodoma nitatafuta sababu ya kijiolojia. Wenzangu mnaosema "nileteeni ushahidi" mnajidanganya.

Mkaaji_Nairobi: @Kichwa_Ngumu angalau umesema. Huku kwetu, Mei 2021, katibu wa chama cha wasioamini Mungu Kenya, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu. Chama chenyewe kilitoa taarifa ya kistaarabu, kikamtakia heri, kikatangaza nafasi ya katibu iko wazi. Shida ilikuwa mitandaoni. Waumini wakashangilia kama wamefunga bao, nao wasioamini wakasema alikuwa na shida za maisha, kwani kuna nini kingine. Wakati huo nami nilikuwa nimeacha kanisa, na yale maneno yalinikera sana. Mtu akitoka dini tunasema amefikiri, akiingia tunasema amechanganyikiwa? Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza, alifanyiwa hivyo hivyo mwaka 2004 alipotangaza, akiwa na miaka 81, kwamba sasa anakubali kuna Mungu. Wakasema ni uzee. Sijarudi kanisani, lakini niliacha kucheka wanaorudi.

Mwalimu_wa_Historia: Mimi Mlutheri, naimba besi kwaya kuu. Kidato cha kwanza nafundisha chimbuko la mwanadamu: bonde la Olduvai, mtafiti Mary Leakey, na fuvu la kale la Zinjanthropus alilolipata huko 1959. Kila mwaka lazima mtoto mmoja anyooshe mkono, "Mwalimu, na Adamu?" Zamani nilikuwa nawaambia andikeni hivi mfaulu mtihani. Siku hizi nawaambia naamini Mungu na naamini lile fuvu. Mchungaji wangu anajua, hajanifukuza. Besi ni wachache.

Mchagga_Mkimya: Nimesoma kote, hamjagusa kitu kimoja: gharama. Imani yangu Katoliki iliisha taratibu, bila kugombana na mtu. Hoja za kurudi nazisikiliza, nyingine nzuri. Ila kuondoka hadharani siwezi, na sababu ni makaburi. Jumamosi alfajiri naenda jumuiya, yaani sala za Wakatoliki majirani, nyumba kwa nyumba, nasoma somo nikipangiwa, bahasha ya zaka narudisha. Maana kwetu ukifa paroko anamuuliza mwenyekiti wa jumuiya: huyu alikuwa anasali? Mwenyekiti akinyamaza, padri haji, na mama yangu atasimama kihambani, shamba la ukoo tunakozikana, mbele ya ukoo wote kwa aibu. Kwa hiyo mnapouliza nani yuko tayari kubadili mawazo, ulizeni kwanza nani anaruhusiwa. Ndani ya kichwa nilishahama zamani. Mwili uko jumuiya.

Mwana_Tanga: Hapo umenena, ndugu yangu. Kwetu ni nani atakuosha na nani atakuswalia. Sasa swali: kuna anayejua nyumbani?

Mchagga_Mkimya: Mdogo wangu tu. Nilimwomba nikitangulia anizike bila misa. Akasema mama akiwa hai misa itakuwepo, mama akiwa hayupo tutajadili.

Mzamiaji: Na mwenyekiti wako wa jumuiya, unadhani naye anaamini?

Mchagga_Mkimya: Sijawahi kumuuliza, mkuu. Naye hajawahi kuniuliza.