Pauillac 1996, Gevrey-Chambertin 2015, Barolo 2016: nianze na ipi?

Zabibu_Nyeusi
Salaam wakuu. Tutakuwa sita mezani na chupa hizo tatu za mvinyo mwekundu: Pauillac ya Bordeaux na Gevrey-Chambertin ya Burgundy, zote za Ufaransa, na Barolo ya Italia. Zote zimehifadhiwa zikiwa zimelala, nyuzi 13 za Selsiasi. Zinywewe kwa mpangilio gani? Ipi imiminwe kwenye jagi la kioo, na muda gani kabla? Kila mahali nasoma "fungua saa moja kabla" kana kwamba chupa zote ni sawa, nami siamini. Tena, nikinusa nikakuta harufu ya ajabu, nitajuaje kama ni kizibo kimeharibu mvinyo au ni uzee tu?

Kizibuo
Una haki ya kutoamini. Ukizibua chupa ukaiacha isimame, hewa inagusa mvinyo pale shingoni tu, eneo dogo kama sarafu. Kinacholeta mabadiliko ni kumimina.

Pauillac ndiyo isiyosamehe makosa. Isimamishe wima siku mbili kabla ili mashapo (rangi na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, vilivyoungana hadi vikawa vizito) yatue chini. Kizibo cha umri huo kimelegea, na skrubu huweza kutoka na nusu yake tu. Tumia kizibuo cha ncha mbili bapa: penyeza ncha ndefu kwanza kati ya kizibo na kioo, yumbisha huku na huku mpaka zote mbili zizame, kisha zungusha ukivuta. Futa mdomo wa chupa. Weka mshumaa au tochi nyuma ya shingo, mimina polepole bila kusita, kwa sababu kila ukiirudisha chupa wima mashapo yanatibuka. Ukiona uzi mweusi unakaribia shingo, acha hapohapo. Mabaki ya chini usiyaonee huruma, yana uchungu na yanafunika harufu.

Fanya hivyo dakika 20 au 30 kabla ya kunywa. 1996 ulikuwa mwaka mzuri sana wa zabibu ya Cabernet Sauvignon kule Médoc, eneo la Bordeaux ilikotoka Pauillac, kwa hiyo huenda bado ina nguvu, lakini onja kwanza ndipo uamue kuiongezea muda. Mwerezi, tumbaku, ngozi, penseli iliyochongwa: harufu hizo za uzee hupeperuka upesi, na hewa ukishaitia huwezi kuitoa.

Barolo ni kinyume. Rangi yake hafifu hudanganya, utadhani mwepesi, kumbe zabibu ya Nebbiolo ina ukakasi mkali kuliko zote tatu na asidi iko juu. Sheria inataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao, lakini mavuno ya 2016 bado ni mtoto. Mimina kwenye jagi pana, uipe muda wa saa tatu hadi nne. Hewa haitaondoa tanini. Itafungua waridi, lami na cheri, ili ukakasi usibaki peke yake mdomoni.

Gevrey usiitie kwenye jagi. Glasi yenye tumbo pana inaitosha.

Tumbo_la_Glasi
Naafiki. Mpangilio: Gevrey, Pauillac, Barolo. Wapo wanaotaka chupa kuukuu itangulie wakati ulimi bado safi, na kwa Pauillac dhaifu ningekubali. Barolo tu ndiyo isitangulie kamwe. Tanini hushika protini za mate, na ukakasi hujilimbikiza kila funda. Ukitoka hapo kwenda Pauillac, utaiona kama maji.

Kuhusu joto: Gevrey nyuzi 14 hadi 15, hizo mbili 16 hadi 18. Ule usemi wa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba zenye baridi, sahauni. Ukipita nyuzi 20, alkoholi ndiyo inayotangulia puani. Ukishuka sana, tanini hukaza na harufu hujificha. Kosea upande wa baridi, glasi itapata joto yenyewe.

Mimina mililita 50 hivi kwa kila mtu, nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena. Tofauti ya mara hizo mbili ina mengi ya kusema.

Pua_Kwanza
Hilo la kizibo. Mkosaji ni TCA, kemikali ambayo nanogramu chache kwa lita zinatosha kuharibu mvinyo: ukungu, kadibodi iliyolowa. Ikiwa nyingi, hakuna mabishano. Hatari ni ikiwa kidogo, kwa sababu hainuki ukungu, inazima matunda tu, na watu wanasema chupa "imechoka". Iache dakika 15 kwenye glasi. Harufu ya kufungiwa muda mrefu itapungua. TCA haiondoki, mara nyingi inazidi kujitokeza.

Uyoga na majani yaliyolowa mvua ni uzee mzuri. Ukingo wenye rangi ya matofali pia si kasoro kwa Pauillac hiyo, na Nebbiolo huupata mapema. Tofaa lililokatwa likaachwa, pamoja na rangi ya kahawia mpaka katikati, hapo hewa imeshaingia. Yai viza au kibiriti: zungusha kwa nguvu, au koroga sekunde chache kwa kipande safi cha shaba. Zizi la farasi ni hamira ya Brettanomyces. Kiasi kidogo Bordeaux kuukuu huwa nacho. Kikifunika matunda, ni kasoro.

Zabibu_Nyeusi
Shukrani wakuu. Barolo ikikaa saa nne kwenye jagi si itapata joto?

Kizibuo
Itapata. Ikishakaa saa mbili jagini, suuza chupa yake kwa maji, ikaushe vizuri, rudisha mvinyo kwa faneli. Iache bila kizibo, kisha friji dakika 20 kabla ya zamu yake.