Naomba ushauri: lini niache kusapoti simu za biti 32 kwenye apu ya vikoba?

Ngosha_Dev:
Wakuu habarini za jioni, naomba mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi. Nna apu ya Android ya kutunza hesabu za vikoba, watumiaji wangu wengi ni makatibu na waweka hazina wa vikundi huku Kanda ya Ziwa, hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote wanaingiza humo siku ya kukutana. Sasa laibrari (msimbo ulioandikwa na wengine) ninayotumia kusomea picha za daftari wenyewe wametangaza toleo lijalo halina tena biti 32 (aina ya zamani ya mfumo wa simu, inayochakata data kidogo kwa mara moja kuliko biti 64), yani armeabi-v7a basi, inabaki arm64 tu, ya biti 64. Nikibaki na la zamani sipati marekebisho ya usalama, nikichukua jipya kuna watu nawaacha, na hao ninaowaacha ndo wenye simu za bei ya chini ambao apu hii nliitengeneza kwa ajili yao. Mwenzangu tunayefanya nae kazi anasema tukate mwezi ujao na apu itapungua MB. Mi roho inagoma. Mngekuwa nyie mngekata lini, na kwa kigezo gani?

chuma_cha_reli:
Kata mkuu. Apple walikata 2017 na iOS 11, apu za biti 32 zikawa hazifunguki kabisa, iPhone 5 na 5c zikaishia iOS 10 na maisha yakaendelea. Google nao toka Agosti 2019 wanalazimisha apu ziwe na biti 64, na simu yao Pixel 7 ya 2022 apu za biti 32 haiziendeshi kabisa. Kila siku unayotesti simu za zamani unawanyima wengine vitu vipya.

mama_seva:
Apple sio mfano wa kumpa huyu kaka. Wale prosesa wanabuni wenyewe, mfumo wao, duka la apu lao, simu ya biti 64 walianza kuuza 2013 (iPhone 5s) na bado wakasubiri miaka minne.

Ngosha kaka angu, kabla hujakata chochote hakikisha unapima kitu sahihi. Prosesa ni kitu kimoja, na mfumo uliowekwa juu yake ni kingine. Kuna simu nyingi za bei rahisi, zile za RAM GB 1 au 2, ndani zina prosesa ya Cortex-A53 ambayo ni biti 64 kabisa ila kiwanda kikaweka Android ya biti 32 kwa sababu inakula RAM kidogo, kwahiyo ukigoogle jina la prosesa utaona watu wako wako salama kumbe apdeti haitawafikia. Soma Build.SUPPORTED_64_BIT_ABIS ndani ya apu, ikirudi tupu huyo ni wa biti 32. Itume kwenye seva kila mtu anaposinki, na usiangalie wiki moja ukatoa hukumu, kuna vikundi vinakutana mara moja kwa mwezi. Halafu usihesabu simu, hesabu vikundi, simu moja ya katibu inaweza kuwa imebeba akiba za watu thelathini.

kijana_ubungo:
Hiyo hoja ya MB haina nguvu, kama mnapakia App Bundle (kifurushi chenye vipande vya simu zote) basi duka la Play linampa kila mtu kipande cha simu yake tu. Itapungua kwa wanaorushiana APK (faili la apu) kwa WhatsApp, hao sawa.

Mi naona mnataka kukata mti mzima kwa sababu ya tawi. Kinachowasumbua ni kusoma picha, si ndio? Basi zima hiyo sehemu kwenye biti 32, wajaze kwa mkono, mengine yote yaendelee.

mzee_wa_linux:
Nakubaliana na kijana. Mfumo wa Linux ulianzia kwenye prosesa ya 386 mwaka 1991, na hiyo prosesa Intel waliitoa 1985, ila imekuja kuondolewa kwenye toleo la 3.8 mwaka 2013. Uzee peke yake haukuwa sababu, msimbo wake ulikuwa unawaongezea kazi kila wanapogusa mambo ya prosesa nyingi kufanya kazi pamoja. Ubuntu nao (mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux) Juni 2019 walitangaza wanaacha vifurushi vya i386, yani vya biti 32, Valve wakasema Steam, duka lao la magemu, haitasapoti Ubuntu 19.10 na kuendelea, baada ya siku chache tu Ubuntu wakabadili msimamo wakabakiza baadhi. Mashine za watu zilikuwa biti 64 tayari lakini programu na magemu ya biti 32 bado yalikuwa yanatumika juu yake. Uliza kwanza nani ameegemea hapo.

chuma_cha_reli:
Sawa nimewaelewa, ila tarehe lazima iwepo jamani, bila tarehe atatesti hizo simu mpaka azeeke.

mama_seva:
Tarehe iwepo ndio, ila isiangukie katikati ya mzunguko. Vikundi vyako vinavunja lini?

Ngosha_Dev:
Wengi Desemba dada, wanagawana kabla ya sikukuu, wachache wanavunja Juni.

mama_seva:
Basi watangazie sasa ndani ya apu, kwa Kiswahili chepesi, na ukate baada ya mgao wa Desemba, wale wa Juni waongezee muda wao. Toleo la mwisho la biti 32 liache hai kwenye seva liendelee kusinki na kutoa ripoti ya kila mwanachama, asije mama wa watu akafungua simu akakuta hawezi kuona hisa zake.

Ngosha_Dev:
Asanteni sana. Kesho naanza na hiyo ya SUPPORTED_64_BIT_ABIS na kuzima picha kwa biti 32, mwenzangu nimemtumia huu uzi ausome wote. Majibu ya vikundi nikiyapata ntayaweka hapa.