Desktopu inajizima ghafla katikati ya kazi, nishaurini kabla sijanunua pawa saplai

mama_kadi
Wakuu habarini za mchana. Nina desktopu ya kuungaunga, prosesa ni i5 kizazi cha 4, RAM 8, niko nayo nyumbani hapa Mwanza nachapia walimu mitihani na kutengeneza kadi za harusi. Wiki ya pili hii inazima ghafla, yaani pu! kama mtu kachomoa waya, hakuna ujumbe wowote, skrini nyeusi feni kimya. Jana nimepoteza maswali 27 ya hisabati ya darasa la saba sijasevu, nimelia kweli maana mwalimu alikuwa kakaa sebuleni anasubiri.

Nikiwasha inawaka ila haidumu. Asubuhi inaenda hata dakika 40, nikiiwasha tena inaenda 10, mara ya tatu hata window haijamaliza kufunguka imeshazima. Umeme haujakatika maana TV iko ekstensheni hiyohiyo na inaendelea. Fundi wa mtaani kapiga window upya nikamlipa, haikusaidia, sasa anasema pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, imekufa ninunue mpya. Mwezi uliopita tulihama nyumba, mashine ilipanda Kirikuu pamoja na makochi, lakini siku za mwanzo ilikuwa inapiga kazi vizuri tu. Hela niliyonayo inatosha kununua kitu kimoja, nikikosea ndo basi mpaka mwisho wa mwezi.

benchi_la_nyuma
Pole sana dada, na usinunue chochote leo. Hizo dakika ulizozitaja ndo jibu lenyewe karibu lote, 40 halafu 10 halafu hata window haifunguki, hiyo ni mashine ambayo haipati muda wa kupoa. Prosesa ina ulinzi wake ndani, ikikaribia nyuzi 100 hivi inapunguza spidi kwanza, joto likizidi kupanda inakata umeme papo hapo isiungue, haiagi wala haisevu. Wewe unawasha baada ya dakika mbili wakati bado ina moto wa mwanzo, kwa hiyo safari hii inafika kikomo haraka zaidi.

Fanya hivi, izime uiache saa nzima kabisa. Halafu washa huku unabonyeza Del au F2 uingie BIOS, ile skrini ya mipangilio inayokuja kabla ya window, tafuta sehemu inayoonyesha joto la CPU, kaa hapo uangalie na saa mkononi. Ndani ya BIOS window haipo na hakuna programu inayokula nguvu, kwa hiyo ikikaa kwenye 40 au 50 na kidogo joto halina shida tutafute kwingine. Ikiwa inapanda tu yenyewe 70, 80, 90 basi mwizi tumemkamata. Na hilo la kuhama nyumba usilipite haraka, nitarudi hapo.

Mzee wa Volti
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila pawa saplai nisingeisafisha jina mapema hivyo. Ukiwa humohumo BIOS angalia na mstari wa 12V, yaani volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai, unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6, ukiona uko chini ya hapo au unayumbayumba fundi wako atakuwa na hoja. Halafu huku kwetu kuna maeneo jioni watu wote wakiwasha majiko na pasi umeme unashuka mno, badala ya 230 unakuta 180, pawa saplai iliyochoka haistahimili, TV inastahimili. Kwa hiyo kuwaka kwa TV peke yake hakujathibitisha kitu. Je inazima asubuhi na jioni sawasawa au jioni zaidi?

Na nakuomba sana dada yangu, hata ukipata bisibisi usifungue boksi la pawa saplai lenyewe. Ndani kuna kepasita zinashika zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani.

mama_kadi
Inazima muda wowote, asubuhi jioni usiku wa manane ni ileile. Nimefanya mlivyosema, niliiacha tangu saa nne mpaka saa tano na nusu ndo nikawasha. 12V inasoma 12.1 haichezi. Joto sasa, nimeikuta 58 nikaandika kwenye daftari kila dakika: 58, 66, 73, 79, 86, 92, ya saba ikasoma 97 nikiwa natafuta kalamu ikazima. Feni ya juu ya prosesa naiona kwa pembeni inazunguka kwa fujo kabisa kama ya kusagia nafaka, sasa joto linatoka wapi kama feni inafanya kazi???

benchi_la_nyuma
Feni inazunguka lakini haimpoozi mtu, hapo ndo penyewe. Feni inapuliza ile hitsinki, kile kibati cha alumini cha kunyonya joto kilicho chini yake, na hitsinki inatakiwa iwe imeikandamiza prosesa kabisa bila nafasi. Yenu hizo za i5 ya zamani inashikwa na pini nne za plastiki kwenye pembe, na sasa kumbuka Kirikuu na makochi. Pini moja ikichomoka hitsinki inainuka upande mmoja unywele tu, na unywele huo unatosha. Siku za mwanzo pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitsinki kupitisha joto, bado ilikuwa imeshikilia, ikaendelea kukauka ndo ikaachia.

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu kumaliza chaji, fungua ubavu, laza kompyuta chali. Shika hitsinki kwa vidole viwili uitikise taratibu. Ikicheza tatizo umeshalipata. Ukiitoa lazima uweke pesti mpya, ya zamani ifute na spiriti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mpya weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, usipake kama siagi. Kurudisha pini, hakikisha kichwa kimegeuzwa kikarudi mahali pake pa mwanzo, halafu bonyeza kwa kupishana, pembe hii na ile inayotazamana nayo, mpaka zote nne zilie tak. Ukipuliza vumbi zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa upepo.

pwani254
Hapa Mombasa yangu ilikuwa inazima hivihivi nikajua ni stima kumbe chumvi ya baharini imekula miguu ya RAM, nikasugua na kifutio cha penseli ikapona. Ila yangu ilikuwa inakataa kuwaka kabisa na kupiga mlio, yako haifanani. Naandika tu mwingine akipita hapa na dalili hizo ajue.

mama_kadi
WAKUU. Nimefungua. Mtoto kanishikia tochi ya simu. Kwanza vumbi, kati ya feni na vile vibati vya alumini limejishona kama kipande cha blanketi, nimelivuta likatoka zima lina umbo la duara kabisa. Halafu nikashika kama ulivyosema nikatikisa, upande wa karibu na RAM UNACHEZA. Pini ya pembe hiyo imesimama juu kuliko wenzake, nikaibonyeza ikarudi juu yenyewe, miguu yake miwili midogo ya chini mmoja umekatika. Pesti imekauka imekuwa ungaunga mweupe kama chaki, na nusu ya prosesa haina alama yoyote kuonyesha kwamba ilikuwa haigusani.

Nimeshuka mjini nikapata feni nzima na hitsinki yake na pini zake, ya mtumba lakini nzima, na tyubu ndogo ya pesti, vyote havijafika hata nusu ya ile pawa saplai. Nimefunga mwenyewe, pini ya tatu ilinitoa jasho nikaogopa madabodi, lile bao kubwa lenye prosesa, itavunjika maana inapinda kidogo ukikandamiza, ikalia tak. BIOS nimekaa nusu saa, 44. Nimechapa jana mchana kutwa nikiwa na kadi tatu zimefunguka na muziki juu, HWMonitor, programu ya kupima joto, inasema haijavuka 61.

Mzee wa Volti
Nimefurahi sana dada. Kupinda kwa madabodi kidogo ni kawaida ya pini hizo usiogope. Fuatilia wiki nzima, na mashine usiirudishe chini sakafuni, ipandishe hata kwenye stuli.

mama_kadi
Iko juu ya kreti la soda tangu jana mzee wangu. Na ile kazi ya hisabati nimeirudia yote 27 nimekabidhi asubuhi hii. Fundi nimempelekea ile pini iliyovunjika aione, ameomba nimwonyeshe daftari la zile dakika, kapiga picha.